CRP imepanda: je, damu inaweza kutuambia kama ni kansere?

"Dokta, karatasi ya labo inasema CRP imepanda. Basi ni kansere?" Swali hili linarudi kila mara tunapozungumza juu ya magonjwa. Kuko na lingine linalofanana nalo, lakini watu hawaliulizi kwa sauti: "CRP yangu iko chini, basi mimi niko salama?"

Tuchukue mfano. Mama mmoja, tuseme ana miaka 45, anagusa uvimbe kwenye ziwa. Hauumi. Anaenda labo, anapimwa damu, CRP iko chini. Anafurahi, anarudi nyumbani kuendelea na biashara yake. Jirani yake ana malaria. CRP yake iko juu sana, na usiku ule hapati usingizi, anawaza kwamba maisha yamekwisha. Wote wawili wamesoma karatasi vibaya. Yule wa pili atakunywa dawa ya malaria, kisha siku chache atakuwa sokoni. Yule wa kwanza njo yuko kwenye hatari, na hajui.

Ili tuelewe kwa nini, tunapashwa kujua karatasi ile inapima kitu gani. Inapima alama za mazungumzo ambayo askari wa mwili wetu wanafanya kati yao. Mazungumzo hayo yamekuwa pia dawa ya kansere fulani, na dawa moja kati ya hizo inatokana na chanjo ambayo watoto wengi wa Kongo wanachomwa wakizaliwa.

Kelele za masufuria

Katika kartie nyingi za miji yetu, wezi wakiingia usiku, mtu wa nyumba ya kwanza anapiga sufuria. Jirani anasikia, naye anapiga yake. Mwingine anapiga filimbi. Katika dakika chache kartie nzima iko macho. Hakuna aliyepiga simu kwa kila mtu. Kelele yenyewe imetosha.

Mwili unafanya vile vile. Chembe moja ikiona mdudu wa ugonjwa, kidonda, ao chembe nyingine iliyoharibika, inatoa protini ndogo sana zinazoenda kwa chembe zingine na kuziambia: kujeni, ongezekeni, shambulieni, ao sasa tulieni. Protini hizi za kupeleka ujumbe waganga wanaziita sitokine. Ziko nyingi. Zenye kujulikana sana ni interferoni, interlekini (zina namba: interlekini 2, interlekini 6 na kuendelea) na ile inaitwa TNF.

Interferoni iligunduliwa London mwaka 1957 na watafiti wawili, Alick Isaacs na Jean Lindenmann. Waliona kwamba chembe zilizoguswa na virusi zinatoa kitu kinachozuia virusi kuongezeka katika chembe zingine. Yaani nyumba ya kwanza imeingiliwa, lakini kelele yake imewafanya majirani wafunge milango.

Hata homa unayosikia wakati wa ugonjwa inatoka hapo. Interlekini 6 na wenzake wanafika kwenye ubongo na kuuambia upandishe joto. Wanafika kwenye maini na kuyaambia yatengeneze protini zingine. Moja ya protini hizo za maini njo CRP.

Kwa hiyo CRP haitoki kwenye kansere. Inatoka kwenye maini, baada ya maini kusikia kelele. Karatasi ya labo inakuambia masufuria yanapigwa kwa nguvu kiasi gani. Haikuambii kama ni mwizi, ni moto, ao ni ngoma ya arusi.

Kwa nini kelele peke yake haitoshi

CRP iligunduliwa New York mwaka 1930, katika damu ya watu waliokuwa wanaugua mapafu kwa sababu ya bakteria. Tangu mwanzo ilikuwa alama ya maambukizo. Inapanda katika muda wa saa chache, inafika juu kabisa kisha siku moja ao mbili, na inashuka haraka ugonjwa ukitibiwa. Njo maana munganga anaitumia sana: kujua kama mtoto ana maambukizo makali, ao kama dawa aliyotoa inafanya kazi.

Lakini hesabu vitu vinavyoweza kuipandisha hapa kwetu: malaria, kifua kikuu, tifoide, kidonda kilichooza, jino bovu, ugonjwa wa viungo, upasuaji, ajali ya moto. Kansere pia inaweza kuipandisha, zaidi ikiwa imekwisha kukua ao kuenea. Lakini kansere ndogo, ile inayoanza, mara nyingi inakaa kimya. Ile njo wakati ambao ingetibika vizuri, na njo wakati ambao CRP haisemi kitu.

Ile VS, kipimo cha kuangalia namna chembe nyekundu zinavyoshuka katika kichupa, iko vile vile. Inapanda kwa sababu nyingi, hata kwa mimba na kwa uzee.

Watafiti wamejaribu pia kupima sitokine zenyewe, kwa mfano interlekini 6, ili waone kama zinaweza kutambua kansere kwa tone la damu. Kwa watu wenye wanajulikana kuwa na kansere, kiwango kikubwa mara nyingi kinaonyesha kwamba ugonjwa uko mkali. Lakini kwa mtu ambaye haijulikani ana nini, kipimo hiki hakitenganishi kansere na maambukizo. Na katika inchi yenye malaria na kifua kikuu kama yetu, kelele haziishi kamwe.

Basi CRP iliyo juu inasema "tafuteni sababu". CRP iliyo chini haifuti uvimbe wenye unaguswa kwa mkono. Uvimbe unaoonekana unapashwa kuchunguzwa, hata kama damu inasema kila kitu kiko sawa.

Uvimbe wa shingo: kifua kikuu ao kansere?

Mfano ambao waganga wa mashariki wanakutana nao ni huu: kijana anapata vivimbe kwenye shingo. Anapunguka uzito. Usiku anatoka jasho mpaka shuka linalowa. Homa inakuja na kwenda.

Inaweza kuwa kifua kikuu cha tezi. Inaweza pia kuwa limfoma, kansere ya chembe zile zile zenye kazi ya kulinda mwili. Magonjwa mawili tofauti kabisa, lakini dalili ziko sawa, kwa sababu homa, jasho na kukonda vinatokana kwa sehemu kubwa na sitokine zile zile. TNF, kwa mfano, iliwahi kupewa jina lingine na watafiti kwa sababu ya namna inavyomkondesha mgonjwa. Mwili wa mtu wa kifua kikuu na mwili wa mtu wa limfoma vinapiga masufuria namna moja.

Hapa njo muda unapotea. Dawa za kifua kikuu zinachukua miezi 6. Kama ugonjwa ulikuwa limfoma tangu mwanzo, miezi ile 6 imekwenda bure, na kansere imeendelea.

Kitu kinachotenganisha haya mawili ni kuchukua sehemu ya uvimbe wenyewe: kwa sindano, ao kwa kukata kipande kidogo. Hiyo inaitwa biopsi. Kipande kinaenda kwa munganga mwenye kuangalia chembe kwa mikroskopi. Yeye haangalii kelele. Anaenda mpaka mlangoni kuona nani ameingia.

Watu wengi wanaogopa biopsi. Wanasema: "Ukigusa kansere kwa chuma, inaamka na kuenea." Kwa kawaida biopsi iliyofanywa vizuri haifanyi kansere ienee. Kinachofanya ienee ni muda. Bila biopsi munganga hawezi kuchagua dawa, kwa sababu dawa za kansere moja hazifanani na za nyingine.

Namna kansere inavyodanganya walinzi

Mtu anaweza kuuliza: kama mwili una walinzi, kwa nini unaacha kansere ikue?

Mara nyingi hauiachi. Kila siku chembe fulani zinaharibika, na walinzi wanaziondoa bila sisi kujua. Lakini kuko chembe zingine zinajifunza ujanja.

Ujanja wa kwanza ni kuiga sauti. Kaposi ni kansere inayotoa mabaka ya rangi nyeusi-nyekundu ao vinundu kwenye ngozi, miguuni, wakati mwingine mdomoni. Ilijulikana katika eneo letu la Afrika hata mbele ya SIDA, na SIDA ilipokuja, ikaongezeka sana. Mwaka 1994 watafiti Yuan Chang na Patrick Moore waligundua virusi vinavyoileta, vinaitwa HHV-8. Kisha ikaonekana kwamba virusi hivi vimebeba interlekini 6 yao wenyewe, nakala ya ile ya mwili. Ni kama mwizi aliyenunua filimbi ya walinzi: anaipiga ili kuchanganya watu na kukuza kazi yake.

Ujanja wa pili ni kuwaambia walinzi walale. Juu ya chembe za ulinzi kuko protini moja inaitwa PD-1. Ikiguswa na mwenzake, PD-L1, mlinzi anaacha kushambulia. Mwili unaihitaji, kwa sababu vita visipokuwa na mwisho vinaharibu nyumba yenyewe. Lakini kansere nyingi zinaweka PD-L1 nyingi juu yao. Tena, mara nyingi zinaiongeza pale zinaposikia interferoni ya walinzi wanaokaribia. Walinzi wanafika mlangoni, wanaambiwa "hakuna shida hapa", wanarudi.

Katika hospitali kubwa za inchi zenye uwezo, PD-L1 sasa inapimwa kwenye kipande cha biopsi, kwa mfano kwa kansere ya mapafu, ili kujua dawa gani itafaa. Hapa protini ya ujumbe inasaidia kweli katika uchunguzi. Lakini angalia: inapimwa kwenye kansere yenyewe, baada ya kujulikana kwamba ni kansere.

Ujumbe unapogeuka kuwa dawa

Mwaka 1891, munganga wa upasuaji wa New York, William Coley, alianza kuwachoma wagonjwa wa kansere bakteria. Alikuwa ameona habari za mgonjwa ambaye uvimbe wake uliisha baada ya kupata maambukizo makali ya ngozi. Wagonjwa wengine walipona, wengi hapana, na wengine waliumia kwa maambukizo yenyewe. Coley hakujua juu ya sitokine; hazikuwa zimegunduliwa. Lakini alikuwa anajaribu kuamsha kartie.

Karibu miaka 100 nyuma, ujumbe wenyewe ukaanza kutengenezwa kama dawa. Mwaka 1986 Marekani ilikubali interferoni kwa aina moja ya kansere ya damu, na mwaka 1988 kwa Kaposi ya watu wenye SIDA. Mwaka 1992 ikakubali interlekini 2 kwa kansere ya figo iliyoenea. Kati ya wagonjwa 10 wa figo waliopewa interlekini 2 kwa kipimo kikubwa, 1 ao 2 hivi kansere yao ilipunguka. Wachache kati yao walipona kabisa kwa miaka mingi.

Lakini bei katika mwili ilikuwa kubwa. Presha ya damu inaanguka, maji yanavuja kutoka mishipa na kuingia mapafuni, figo zinachoka. Mgonjwa anapashwa kuwa karibu na vyombo vya kuokoa maisha. TNF, ambayo mwaka 1975 ilionekana kuua vivimbe vya panya, ilikuwa na sumu zaidi: haikuwezekana kuitoa katika mwili mzima kwa kipimo cha kutosha.

Dawa iliyofaulu zaidi inatoka kwa kitu tunachokijua. BCG ni chanjo ya kifua kikuu, ile inayoacha kovu dogo kwenye mkono. Ilitengenezwa Ufaransa na Albert Calmette na Camille Guérin, ikapewa mtu mara ya kwanza mwaka 1921. Mwaka 1976 munganga mmoja wa Canada, Alvaro Morales, alitangaza matokeo ya kuitia BCG ndani ya kibofu cha mkojo cha wagonjwa wa kansere. Leo ni matibabu ya kawaida katika sehemu nyingi za dunia, kwa kansere ya kibofu ambayo haijaingia ndani ya misuli. Kwanza uvimbe unaondolewa, kisha BCG inatiwa kwa mrija mara moja kwa wiki, wiki 6. Bakteria hao waliodhoofishwa wanaamsha ukuta wa kibofu. Sitokine zinatoka nyingi mpaka zinaonekana katika mkojo, na walinzi wanaokuja wanaondoa pia chembe za kansere zilizobaki.

Lakini mtu asiende kuomba achomwe BCG ya watoto kwenye mkono ili apone kansere. Haifanyi kazi vile. Inafanya kazi kwa kibofu, ndani ya kibofu, mikononi mwa munganga wa kazi ile.

Ujumbe mwingine unaotumika sana ni ile protini inaiambia uboho wa mifupa utengeneze chembe nyeupe. Dawa yake inaitwa filgrastimu, na iko kwenye orodha ya OMS ya dawa za lazima. Shimio, yaani dawa kali za kuua kansere, zinaangusha pia chembe nyeupe. Filgrastimu inasaidia mwili uzirudishe haraka. Haiui kansere, inamlinda mgonjwa wakati anatibiwa.

Kuko na dawa za kuzuia ule uongo wa PD-1. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walipata tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa kuonyesha namna ya kuondoa breki za walinzi. Mwaka 2019 OMS iliweka dawa za PD-1 kwenye orodha yake, kwa kansere ya ngozi inayoitwa melanoma. Kwa sasa bei yake inahesabiwa kwa maelfu ya dola. Kwa familia nyingi za kwetu, hiyo si dawa ya leo. Ni vizuri kusema ukweli huo, ili mtu asiuze shamba kwa kumfuata tapeli anayesema anayo kwenye chupa.

"Dawa ya kupandisha kinga"

Na matapeli wako. Sokoni, kwenye basi, kwenye WhatsApp, unasikia: "Hii inapandisha kinga, inamaliza kansere." Chupa moja dola 20, zingine 50.

Umesoma yaliyotokea kwa interlekini 2. Ile ilikuwa dawa ya kweli ya kupandisha kinga, na ilipeleka watu karibu na kifo. Kama dawa ya chupa ingeamsha walinzi kwa nguvu ya kutosha kuua kansere, usingeinywa nyumbani ukiwa umekaa na watoto. Na kama haina nguvu hiyo, unalipia nini?

Tena, kupiga masufuria kwa nguvu zaidi hakusaidii kama walinzi wamedanganywa. Mwenye Kaposi na VIH, kwa mfano, hahitaji chupa ya kinga. Anahitaji ARV kila siku, na wengine wanahitaji shimio juu yake. ARV zinazima virusi, walinzi wanarudi, na kwa wagonjwa wengi Kaposi ndogo inapunguka. Hiyo njo dawa ya kinga tunayoijua, na inapatikana.

Basi tufanye nini?

Kwanza, usiache uvimbe kwa sababu damu iko nzuri. Uvimbe wa ziwa, kidonda kisichopona, kinundu kinachokua, damu katika mkojo, damu kwa mwanamke aliyekwisha kuacha kwenda mwezini: haya yanapelekwa kwa munganga, hata bila maumivu.

Pili, kama uko kwenye dawa za kifua kikuu cha tezi na vivimbe vinazidi kukua, rudi uulize: "Je, tulichukua kipande tukaangalia?" Si kumkosea munganga heshima. Ni swali lake la kazi. Lakini usiache dawa mwenyewe.

Tatu, akina mama: kansere ya mlango wa kizazi haionekani kwa kipimo cha damu. Inatafutwa kwa kuangalia mlango wenyewe, baada ya kupakaza maji yenye asidi kama ya siki, ao kwa kupima virusi vya HPV. OMS inashauri kuanza kwenye miaka 30, na kwenye miaka 25 kwa mwanamke mwenye VIH.

Nne, mwenye kupata shimio akiwa na homa ya 38 ao zaidi, asingoje kesho na asianze na dawa ya malaria nyumbani. Chembe nyeupe zikiwa chini, maambukizo madogo yanaweza kuua kwa muda mfupi. Aende hospitali saa ile ile.

Tano, weka karatasi zako zote. Vita na safari vinatupotezea vitu vingi, lakini jibu la biopsi ni kama cheti cha shamba. Lipige picha kwa simu, mpe na ndugu mwingine nakala. Munganga wa mji mwingine atalihitaji.

Turudi kwa yule mama wa mfano wetu. Anapashwa kurudi kesho, si labo, lakini kwa munganga, aonyeshe ziwa lake na kusema: "CRP iko sawa, lakini uvimbe bado uko." Hapo kazi inaanza. Mara nyingi uvimbe wa ziwa si kansere. Lakini anayeweza kusema hivyo ni yule aliyeugusa, akaupima na kuutazama kwa mikroskopi.